Injini Iliyokaa Eda

Fundi hakuwa akimpa mtu mkono. Ukimsalimia alikunja ngumi, akakunyooshea kifundo ukishike hicho, maana vidole vyake vilikuwa na grisi isiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu wala kwa mafuta ya taa. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, na kofia ya viua, na kwenye ncha za mikono ya kanzu zikachungulia kucha nyeusi tititi. Wapo waliomsema msikitini kwamba udhu wake una shaka. Yeye alijibu kwamba alishasugua kila kinachosugulika, na kilichobaki ndiyo rangi yake.

Mafundi pale Ngamiani, Tanga, walikuwa wengi: fundi cherehani, fundi saa, fundi mwashi, fundi wa kuziba sufuria. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua ni yule wa injini. Alitoka Pemba, hilo lilisikika kila alipofungua mdomo, na zaidi ya hapo sikuwahi kumchimba. Mimi aliniita Shemeji, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa rafiki yake wa kahawa na wa kila siku, na mke wa rafiki ni shemeji hata kama hamkuchangia babu.

Msidhani namsifu mtu mnyenyekevu. Fundi alikuwa na majivuno ya kutosha mtaa mzima na yakabaki. Akimaliza kazi hakukuambia gari limepona, alikuambia, "Sasa nenda kaulize mwengine kama angeweza." Spana zake hakumwazima mtu. Jirani yake wa gereji alimwomba bisibisi siku moja, akamwambia bora amwombe mswaki. Alikuwa mkali, mbishi, na akishindwa hoja barazani aliondoka bila kuaga, kisha akarudi kesho yake na hoja mpya aliyoipika usiku kucha.

Na mtu huyu aliyekuwa akijua kila kinachozunguka ndani ya gari hakujua kuendesha. Wengi hawakuamini. Gari likishatengemaa alimwita mwenyewe aje alitoe, naye akasimama pembeni akilisikiliza likiondoka, kichwa kakiinamisha. Alikuwa na baiskeli isiyo na breki, akiisimamisha kwa kubana gurudumu kwa kandambili. Mlango wa nyumba yake ulining'inia kwa bawaba moja miaka nenda miaka rudi, mkewe akawa anauinua kwa bega kila akitoka. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, ila mkewe hakuliona hilo kuwa la kuchekesha.

Mke huyo alikuwa na sababu zake nyingine. Ile miaka ya dhiki, sabuni ilipokuwa ikisubiriwa kwa foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, Fundi alichukua kipande cha familia, akakikanda kwa kidole akakizibia tangi la petroli la lori la mtu. Sabuni inaziba tangi vizuri kuliko kitu chochote, petroli haiiyeyushi. Mkewe alifika gereji na kapu la nguo chafu kichwani, akalimwaga mbele ya wateja, akasema, "Haya, na hizi zifulie petroli." Fundi akaziokota moja moja. Nguo zile alizipeleka mwenyewe mtoni jioni ile, akazisugua kwa mchanga na majani ya mpapai, zikarudi na madoa mapya.

Wasioijua miaka ile wanaweza kudhani natia chumvi. Dukani hakukuwa na kitu. Gari likifa, lilikufa. Likawekwa juu ya mawe mbele ya nyumba, kuku wakatagia ndani. Spea hazikuwepo isipokuwa za magendo, na aliyekamatwa nazo aliitwa mlanguzi. Fundi aliishi kwa kukata na kuchonga. Gasketi, ile ya kuziba maungio ya injini, aliikata kwa boksi la sigara au jalada la daftari: analiweka juu ya chuma, anagonga pembeni taratibu kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ijikate yenyewe kwa ncha za chuma kile. Gasketi ya hedi, kichwa cha injini, ile ya shaba, aliitia motoni ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini, ikarudi kuwa laini kama haijawahi kubanwa. Na ringi za pistoni za lori alizipunguza kwa tupa mpaka zikaingia kwenye gari dogo. Hakuwa peke yake katika hayo, mafundi wote wa Tanga walichonga. Tofauti yake ilikuwa moja.

Tofauti ni kwamba alikataa katakata kuchukua injini ya gari moja akaipandisha kwenye gari jingine jinsi ilivyo. Hata iwe inanguruma vizuri namna gani. Lazima kwanza ikae chini, ifunguliwe, ioshwe, ibadilishwe kila kinachochakaa, sili na gasketi na ringi, valvu zisagwe, kisha ifungwe iwashwe ikiwa bado chini, isikilizwe, ndipo ipandishwe. Kazi hiyo aliiita kuiogesha. Akawa na msemo wake: "Ikiwa chini ni yako, ikipanda ni ya gari." Maana yake, kitu ambacho leo unakigusa kwa vidole viwili, kesho injini ikiwa imebanwa mle ndani utakifikia kwa kuvua nusu ya gari. Na kama injini imetoka kwenye gari lililopata ajali au lililofiwa, aliongeza muda. Alisema hiyo imefiwa, lazima ikae eda kabla ya kuolewa tena. Watu walicheka. Yeye hakucheka, na injini ikakaa.

La pili lililomjulisha kwa watu ni kwamba kuhusu injini hakusema uongo. Mtu mmoja alimleta mnunuzi gereji ili Fundi amthibitishie kwamba gari ni zima. Muuzaji alishamkonyeza, alishamnunulia kahawa na haluwa. Fundi akanywa kahawa, akala haluwa, akafuta mdomo akamwambia yule mnunuzi, "Zuri. Ila linakunywa oili kama msiba unavyokunywa kahawa." Biashara ikafa palepale. Muuzaji alimnunia mwaka mzima, na mwaka uliofuata akamletea gari jingine, kwa sababu neno la Fundi lilikuwa limeshakuwa bei ya gari. Akisema injini hii nzima, watu walitoa fedha bila kuinua boneti.

Ndiyo maana baraza la mirathi ya mume wangu lilimwita.

Mume wangu alikufa kwa homa ya ghafla, katikati ya ile miaka mibaya. Aliniachia mabinti wawili wadogo, minazi kidogo ya Pongwe, na pikapu iliyokuwa imekaa mbele ya nyumba juu ya mawe. Injini ilikuwa imenoki kabla yeye hajaugua, krenki, mhimili wake wa chini, imekatika. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha: msimu wa machungwa aliitia matenga Muheza akayaleta mjini, na nje ya msimu akabeba chochote, nazi, mkaa, mikungu ya ndizi kutoka Amani. Bila pikapu mimi nilikuwa na cherehani isiyo na uzi, maana uzi nao haukupatikana.

Sikuzaa mwana wa kiume, na sheria inajulikana: wakiwa mabinti watupu, ndugu wa marehemu anaingia. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake na njaa yake kama sisi sote, akataka haki yake, na haki ilikuwepo. Alishapata mnunuzi Korogwe wa kuichukua pikapu, na alitaka iuzwe kila mtu achukue fungu lake. Ikiuzwa, fungu langu na la wanangu tungelila kwa miezi michache, halafu ningerudi kwa kaka zangu na watoto mkononi. Hilo nililiogopa kuliko kaburi. Basi baada ya arobaini shemeji akaita wazee, sheikh akaja, wakakaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia, maana nilikuwa katika eda.

Sheikh alimwuliza Fundi pikapu ina thamani gani.

"Ikiwa na injini, au bila injini?" akauliza Fundi.

"Hivyo ilivyo."

"Hivyo ilivyo ni bati. Ina matairi mawili mazima na bodi isiyooza. Injini yake nimeifungua mwenyewe, krenki imekatika, haiungiki."

Shemeji yangu akakohoa. Akasema, kwa adabu, kwamba kuna mtu kamwambia ipo injini pale gereji kwa Fundi, ya gari la namna hiyohiyo, imefichwa chini ya makumbi ya nazi. Akataka kujua hiyo ni ya nani.

Mimi injini hiyo ndiyo kwanza naisikia. Nilimwona Fundi kupitia upenyo wa pazia, anavuta kitambaa mfukoni na kujifuta vidole, kimoja kimoja, kazi isiyo na maana kwa vidole vile.

"Ile yangu," akasema.

Sheikh akaitikia kwa kichwa. Hakumwapisha. Nani angemwapisha mtu yule kwa habari ya injini? Wakaandika bati kwa thamani ya bati, mimi na wanangu tukalichukua katika fungu letu, shemeji akachukua minazi, na mnunuzi wa Korogwe hakutaka tena kusikia habari ya gari lisilo na roho. Watu wakanywa kahawa wakatawanyika.

Fundi alirudi asubuhi ya pili yake. Hakuingia, alisimama nje ya dirisha akasema na shangazi yangu aliyekuja kukaa nami, kwa sauti ya mimi kusikia.

"Mwambie Shemeji injini ile ntamtilia."

"Atailipa na nini?" akauliza shangazi, maana yeye hakuwa mtu wa kuzunguka.

"N'limwahidi marehemu. Atanipa tenga la machungwa kila msimu, mpaka n'takapomwambia basi."

Nililia siku ile. Nililia kwa furaha na kwa hasira pamoja. Furaha ilikuwa ya Fundi, na hasira, Mungu anisamehe, ilikuwa ya mume wangu, aliyejua gari limekufa akakaa anakunywa kahawa barazani jioni baada ya jioni kana kwamba chuma kitafufuka chenyewe, mpaka kifo kikamkuta hana alichokiandaa. Rafiki wa mtu alikuwa na akiba, yeye hana. Hilo lilinichoma.

Injini ililetwa kwa mkokoteni, imefunikwa gunia, ikawekwa barazani kwangu juu ya matairi mawili. Fundi hakutaka kuifungulia gereji. Alisema pale vitu vina miguu, na kweli wakati ule hata nati ya gurudumu ilikuwa na mwizi wake. Kwa hiyo eda yangu niliikaa na injini. Fundi nje, mimi ndani, dirisha katikati, na shangazi kwenye mkeka akiwa mlinzi wa heshima ya nyumba. Jirani mmoja alipopita akatupa neno kwamba mjane kajipatia fundi mapema, shangazi akamjibu bila kuinua kichwa, "Njoo ukae nasi, kuna nati za kuosha." Akapita zake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole hadi ya kuudhi. Kwanza alimwaga oili ya zamani kwenye beseni, akaichunguza kwa kidole juani kama mpishi anayeonja. Akafungua hedi. Akapanga valvu juu ya ubao aliotoboa matundu, kila moja kwenye tundu lake, akamwonya shangazi kwamba mtu akizichanganya ataanza upya, maana kila valvu imeshazoea kiti chake. Kisha akazisaga. Alipaka dawa ya kusagia, akashika fimbo yenye mpira nchani kati ya viganja, akapekecha mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama apekechaye mboga. Sauti ile ya kusaga niliisikia asubuhi mpaka adhuhuri, kwaru kwaru, kwaru kwaru, na usingizini. Kila baada ya muda alimimina mafuta ya taa juu ya valvu akatazama kama yanapenya upande wa pili. Yakipenya hata tone, anarudia.

"Si ishashika hiyo?" shangazi akamwuliza.

"Ishashika kwa macho."

Ringi mpya hazikupatikana, akachonga. Sili ya nyuma ya krenki, ya kuzuia oili isivuje, ndiyo iliyomshinda, maana iliyokuwepo ilikuwa imekauka na mpya haikuwepo mji mzima. Siku hiyo alikuja dirishani akauliza kama viatu vya marehemu tumeshavitoa sadaka. Shangazi akamkazia macho. Nikasema vipo, vile vya ngozi vya kuvalia sherehe. Akaomba kimoja. Shangazi akasema hii sasa imezidi, nguo za maiti ni za maskini, si za magari. Fundi akasema yeye ndiye maskini. Nikakitoa kiatu mwenyewe nikakipitisha dirishani. Alikikata, akaloweka ngozi ndani ya mafuta ya nazi, akaizungushia mahali pake, na sili hiyo ilikaa miaka.

Shemeji yangu alikuja mara moja kuwaona watoto. Akasimama akatazama vyuma vilivyopangwa kwenye mkeka, akamsifu Fundi kwa wema wake kwa mjane. Fundi akasema, "Nipishe, unanizibia mwanga." Nilidhani ni ule ukali wake wa kila siku.

Siku aliyoiwasha ikiwa bado chini, watoto wote wa mtaa walikuja. Chupa ya petroli aliitundika kwenye nondo ya dirisha langu, mpira ukashuka mpaka kwenye kabureta. Maji ya kupoza yakatoka kwenye pipa. Kabla ya kuwasha aliizungusha kwa mkono muda mrefu ili oili ipande kila mahali, maana injini iliyofungwa kavu ikiwashwa ghafla inajikwaruza kabla haijapata mate. Ikashika. Moshi ukajaa nyumbani, wanangu wakakohoa wakicheka. Fundi akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho. Sisi sote tulisikia ngurumo tamu. Yeye akazima.

"Bado," akasema, na akaanza kufungua tena.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia kupitia dirisha kwamba watoto wangu hawali valvu, kwamba injini ikiunguruma imepona, na kwamba msimu wa machungwa hautatusubiri. Hakukasirika, jambo lililonishangaza.

"Shemeji," akasema, "wewe huruhusiki kutoka, na yeye haruhusiki kutoka. Mna haraka ya kwenda wapi?"

Nilitoka eda, na baada ya siku chache wakasimamisha magogo matatu, wakafunga mnyororo, injini ikapanda kwenye pikapu. Nikaajiri dereva, ikawa inakwenda Muheza na kurudi mpaka wanangu wote wawili wakaolewa. Kila msimu nilimpelekea Fundi tenga lake. Alilipokea kwa uso uliokunjamana, akalituma lote madrasa ya jirani wakala watoto. Sikumwona akimenya hata chungwa moja. Nami nyumbani niliwakuza mabinti kwa neno hili, nimelisema mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka: baba yenu alituachia bati, Fundi ndiye aliyelitia roho.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Mambo yakafunguka. Sabuni ikawa ya kuchagua rangi. Makontena yakashuka na injini za Dubai na Japani, zimepangwa kando ya barabara kama malimau, oili ya huko bado imo ndani. Tulidhani Fundi atazichukia. Wapi! Alizipenda kama mtoto. Alizizunguka, akazipapasa, akasifu nati zake zisizoguswa na tupa. Lakini msimamo wake haukubadilika hata kidogo. Ukimletea injini ya Dubai asubuhi ukataka uondoke nayo jioni, alikuuliza, "Iliishi na nani huko?" Ukisema hujui, alikwambia basi naye hajui, aifungue wakajuane. Mkanda mpya, pampu ya maji mpya, sili zote mpya, zilikuwa dukani tele na kwa bei ya kawaida, kwa nini mtu apandishe na za zamani?

Watu walikuwa na haraka. Vijana wa gereji nyingine walishusha na kupandisha kwa siku moja, wakapata wateja. Mfanyabiashara mmoja alimwita Fundi mzee wa zamani mbele za watu akaenda kwa vijana hao. Haukupita muda mrefu akarudi, injini inavuja oili nyuma, pale ambapo hapafikiki mpaka ishushwe yote. Fundi alimkalisha kwenye kigoda kutwa nzima atazame sili ndogo kama bangili ikibadilishwa kwa kazi kubwa kama ya kuhamisha nyumba. Alifurahi kupita kiasi. Alikisimulia kisa hicho barazani mpaka watu wakaanza kuhama akija. Nimesema, mnyenyekevu hakuwa.

Hata hivyo wateja walipungua, na masikio yake yakaanza kumwacha. Alianza kuweka bisibisi kwenye meno badala ya sikio, apate kuisikia injini kwa mfupa. Kisha hata hivyo haikutosha. Mkewe alipofariki, binti yake aliyeolewa Moa alimchukua akakae naye, na gereji ikawa ya kuuza saruji.

Nilikwenda kumwona huko Moa. Nilisikia anaumwa, nikatia tenga la machungwa kwenye pikapu, kwa mazoea, nikamwambia dereva tuondoke. Nilimkuta uani juu ya kitanda cha kamba, amekonda, vidole vimesafika. Hicho ndicho kilichonitisha. Sikuwahi kuviona vidole vyake vyeupe.

Nikampa shikamoo, kwa sababu sasa alikuwa mzee kweli. Akanipa mkono mzima.

"Umekuja na nini?" akauliza.

"Na pikapu," nikasema kwa kupaza sauti.

"Injini ileile?"

"Ileile."

Halafu akaanza kusema, na mtu aliyepoteza masikio hajui kunong'ona. Binti yake alikuwa jikoni, mkwewe alikuwa akishona wavu mlangoni, majirani walikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, na wote walisikia nilivyosikia mimi.

"Shemeji, ile injini si yangu. Haikuwa yangu hata siku moja."

Nikamwuliza kwa ishara, ya nani?

"Ya mumeo. Aliinunua mwenyewe, kwenye shamba la mkonge lililokuwa likifungwa. Bila karatasi. Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi, watu wanatupa vitu vyao chooni. Tukaifukia mie na yeye chini ya makumbi. Akaniambia, usimwambie mke wangu, akijua hatalala. Kila jioni akija kwenye kahawa ananiuliza, mali yangu iko? Namwambia iko. Akawa anangoja msako upoe, aje akuonyeshe gari linatembea. Ndipo akafa."

Alipumzika akavuta pumzi.

"N'ngesema kweli pale barazani, ingekwenda Korogwe na bati lake. N'kasema yangu. Mbele ya sheikh. Na nduguye alikuwa na haki humo, hata kama ndogo. Nimeila haki ya mtu, Shemeji. Siwezi kwenda nayo. Nenda kaniombee radhi kwake, mwambie aidai au anisamehe. Mie kufika kwake siwezi, na uso sina."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, tenga la machungwa miguuni. Nilitaka kumshukuru, maana wanangu walikula na kuvaa kwa uongo ule mmoja. Nilitaka pia kumpiga. Shemeji yangu alipoteza kipande cha chuma. Mume wangu alipoteza shukrani ya mkewe, tangu siku ile mpaka siku hii, na wanawe wamekua wakijua baba yao alikuwa mtu wa kukaa barazani kunywa kahawa. Kumbe kule barazani ndiko alikokuwa akiilinda injini yangu.

"Radhi ya shemeji nitakuletea," nikamwambia, nimesogea karibu na sikio lake. "Namjua, atasamehe. Ya marehemu sina uwezo nayo. Wewe utamwona kabla yangu. Muombe mwenyewe."

"N'tamuomba," akasema.

"Na umwambie mimi nilikuwa sijui."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Ati?"

Nikalirudia. Hakusikia. Ikabidi nisimame, niinamie kitanda, nipige kelele kwa nguvu zangu zote, kwamba amwambie mume wangu nilikuwa sijui, na upande wa pili wa ua watu wakaacha kuzungumza.